Naomba ushauri: fimbo za gofu za chuma kilichofuliwa kutoka Japani

Wanagofu wenzangu, salaam. Nina handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, ambapo nambari ndogo ni bora) ya 14, nacheza hapa Nairobi mara mbili kwa wiki, na kwa miaka 9 nimetumia seti ya fimbo za chuma cha kusubu, ambazo mifereji iliyo usoni mwa fimbo nambari 7 imelika kiasi kwamba nikipitisha ukucha sihisi kitu.

Sasa nataka fimbo zilizofuliwa. Nilizijaribu za rafiki yangu mara moja tu, mpira ukapata katikati ya uso, na mkono ukabaki kana kwamba haukupiga chochote. Tangu siku hiyo, nakiri, seti yangu inanikera. Isitoshe, mimi ni mrefu, na chuma laini chenye kaboni kidogo hukubali kupindwa shingoni ili pembe ilingane na kimo cha mchezaji.

Nimebaki na seti mbili za kuchagua: Mizuno Pro 243, ambayo fimbo zake ndefu zina mwanya nyuma ya uso unaousukuma mpira, na Miura CB-301 ya Himeji, ambayo ni ghali zaidi lakini, kwa macho yangu, ndiyo nzuri kuliko zote.

Je, kwa mchezaji ambaye bado hukosa katikati mara nyingi, Miura itanisamehe, au nitakuwa nimenunua urembo? Na soli (sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo) ipi, nyembamba au pana, hupita vyema kwenye nyasi zetu za kikuyu, hasa baada ya mvua? Wenye kuzimiliki naomba pia mnieleze zinavyochubuka zinapogongana mfukoni.