Msaada: 486 ya mizani inagoma, niongeze RAM kiasi gani?

Mizani_Pasua: Habari wakuu. Kompyuta ya mizani ghalani, hapa Moshi, ni 486 (prosesa ya zamani), RAM 8 MB, mfumo endeshi DOS 6.22. Programu ya kupimia inadai kumbukumbu haitoshi, na mara nyingi skrini inaganda kompyuta inapowashwa. Fundi nimeshampa nusu ya hela ya RAM. Niongeze 8 au 16?

Sakina_Juu: Nunua nyingine, hata ya mtumba. Betri ya BIOS ikifa, mpangilio wa diski unapotea. Nakili leo namba za diski (CYL, HEAD na SECTOR) kwenye karatasi.

Fundi_Kaloleni: RAM haitibu hilo. Programu ya DOS inakaa ndani ya 640 KB za mwanzo, hata uweke MB 64. Andika MEM /C /P uone kumbukumbu inavyotumika, kisha bandika hapa CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya kuwashia. Na kimeongezwa nini karibuni?

Mizani_Pasua: Hakuna. MEM inatoa 498K zilizo wazi.

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DEVICE=C:\QEMM\QEMM386.SYS RAM
DOS=HIGH,UMB

QEMM, programu ya kusimamia kumbukumbu, niliiweka ipanue nafasi; EMM386, ya kazi hiyohiyo, nikaiacha kwa usalama.

Fundi_Kaloleni: Usalama haupo hapo. Zote mbili zinataka kuishika prosesa. Iliyotangulia inashika, ya pili inakataa kupakia. Weka REM mbele ya mstari wa QEMM, usisomwe. Ila hilo halielezi kuganda.

Mti_Mkavu: Hii chai. 486 ghalani mpaka leo?

Kiboriloni_Spea: Mizani inayotuma uzito kwa COM1 (tundu la kebo ya data) inaweza kuifunga ofisi kwenye mashine hiyohiyo miaka yote. Ninachotilia shaka ni hilo "hakuna". Mkuu, fungua kasha, tuambie kuna kadi gani.

Mizani_Pasua: Ipo kadi ya mtandao ya ISA, ina wiki mbili. Sikuitaja kwa kuwa mtandao haujawahi kukaa sawa, nikadhani ni kebo. Jampa (pini za kuchagua anwani ya kumbukumbu) iko D000, 16K.

Fundi_Kaloleni: Ndiyo yenyewe. Kadi hiyo ina RAM yake inayosomwa kupitia D000. EMM386 inapokagua, kadi bado imelala, hivyo inaona patupu na kupafunika. Draiva ikiamka inasoma RAM ya mashine badala ya ya kadi. KB 16 ni D000 hadi D3FF. Nakili CONFIG.SYS kwenye diskete, kisha badili mstari wa EMM386 (X= inaiambia isipaguse hapo):

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-D3FF

Kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri za kuwashia, anza mstari wa kipanya na wa DOSKEY (ya kukumbuka amri) kwa LH, zihamie juu ya 640 KB. Ikigoma, bonyeza F8 mara uonapo Starting MS-DOS, uthibitishe mstari mmoja mmoja uone unaokwama.

Mizani_Pasua: Imewaka mara tano bila kuganda, 571K, mizani inasoma. RAM naichukua tu, nimeshalipia.

Fundi_Kaloleni: Ichukue, Windows 3.1 itaifaidi. Kama ipo, kwenye SYSTEM.INI (faili la mipangilio yake) chini ya [386Enh] ongeza EMMEXCLUDE=D000-D3FF, maana Windows nayo hutafuta nafasi hiyohiyo.