Vitabu vya utotoni: vilitujenga kweli, au tunavisingizia?

Msomaji Mkimya (mleta mada):
Wanajukwaa, salaam. Hivi karibuni nimerudia kusoma kitabu cha hadithi nilichokipenda mno nikiwa mtoto. Ndani yake mna mchoro wa nyumba yenye ngazi upande wa kushoto na dirisha dogo juu yake, na nilipouona nilitambua kwamba hiyo ndiyo nyumba inayonijia kichwani kila ninaposoma riwaya, hata pale mwandishi anaposema waziwazi kwamba ngazi ziko kulia. Wahusika wa waandishi wengine kabisa, wa nchi na karne nyingine, wote nimewapangisha humo bila kujua. Kama mchoro mmoja umeweza kukaa hivyo, najiuliza ni mangapi yamekaa bila picha: nani nimdhanie mwema, kama mjanja anastahili kushinda, kama kila safari lazima iishie kwa kurudi nyumbani. Je, vitabu hivyo vilitujenga kweli, au sisi watu wazima tunavitwika sifa kwa kuwa tunapenda kuvikumbuka?

Bi. Maktaba:
Ndugu mleta mada, mimi naanzia katika namna mtoto anavyosoma. Mtu mzima husoma kitabu mara moja akakiweka. Mtoto hudai kilekile kila usiku, na ukiruka sentensi moja kwa uchovu anakurudisha nyuma. Jessica Horst na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu watoto wa miaka 3, na wale waliosomewa hadithi zilezile kwa kurudiarudia walishika maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno hayohayo. Utafiti ule ulihusu maneno tu, lakini sioni kwa nini maneno yazame na namna ya kuona mambo ibaki juujuu. Tena mtoto hana cha kulinganisha nacho: kitabu cha nne maishani mwake ni robo nzima ya fasihi yote anayoijua.

Mfano ninaoupenda ni wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliyesimulia mara nyingi kwamba hadithi za Tarzan na za Daktari Dolittle, tabibu anayezungumza na wanyama, ndizo zilizomtia hamu ya kwenda kuishi karibu na wanyama barani Afrika. Alipoanza kuwachunguza sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka 1960 aliwapa majina, mmoja wao akiitwa David Greybeard, ilhali wanasayansi wengi wa wakati ule waliona inafaa kuwapa namba, na alilaumiwa kwa hilo. Hamu ya safari ingeweza kutoka popote. Kumtazama mnyama kama kiumbe mwenye jina na tabia yake mwenyewe, hilo naliona limetoka moja kwa moja kwa yule tabibu.

Mdadisi:
Uniwie radhi, Bi. Maktaba, lakini watoto wasiohesabika walisoma hadithi hizohizo na hawakufika Gombe. Goodall alikuwa na mwanasesere wa sokwe, zawadi ya baba yake, kabla hajajua kusoma. Alikuwa na mama aliyemhimiza, alihudumia wateja mezani ili apate nauli, na hatimaye akakutana na Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, aliyempa kazi. Inawezekana kabisa kwamba kitabu hakikumfanya apende wanyama, bali alikipenda kitabu kwa kuwa tayari aliwapenda wanyama. Utafiti nao tuutumie kwa tahadhari: mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walitangaza kwamba kusoma kipande kifupi cha fasihi humwongezea mtu uwezo wa kutambua hisia za wenzake, na watafiti wengine walioyarudia majaribio hayo hawakupata matokeo hayo.

Mwalimu wa Fasihi:
Hoja ya Mdadisi ina uzito, ila anazitafuta athari mahali zinapoonekana kwa urahisi, yaani katika kazi na mafanikio ya mtu. Athari nzito zaidi ni ile ambayo msomaji mwenyewe haioni. Mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alieleza kwamba alipokuwa mtoto akisoma visa vya wazungu waliosafiri miongoni mwa "washenzi" wa Afrika, alikuwa upande wa wazungu, kwa kuwa hadithi ilimpa yeye pamoja na wasomaji wengine wote nafasi ya kusimama upande huo. Mwandishi mwenzake wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, katika hotuba yake ya mwaka 2009, alisema kwamba alipoanza kuandika akiwa na miaka kama saba, wahusika wake wote walikuwa weupe wenye macho ya buluu, waliocheza kwenye theluji na kula matofaa, ingawa hakuwa amewahi kutoka nje ya Nigeria. Hapa huwezi kusema kwamba mtoto alichagua kitabu kinachofanana naye.

Mleta mada, hebu kitazame tena kitabu chako uone mtu mbaya amechorwaje. Katika hadithi nyingi za watoto ana kovu, au jicho moja, au mguu wa mbao, na hakuna mahali panaposemwa kwamba kilema ni ishara ya ubaya. Linalosemwa wazi mtoto angeweza hata kulihoji.

Mdadisi:
Mwalimu, hilo nalikubali. Lakini maliza kisa cha Adichie: yeye mwenyewe anasema kwamba aliposoma vitabu vya Achebe na vya Camara Laye, mwandishi wa Guinea, alitambua kuwa watu wenye ngozi kama yake nao wanaweza kuishi ndani ya fasihi, akabadili alichokuwa akiandika. Kwa hiyo kilichowekwa na kitabu kimoja, kingine kilikiondoa, wala hakikuwa lazima kiwe cha utotoni. Swali ambalo ningependa tulijadili ni kwa nini nyumba ya mleta mada haijapata mpinzani mpaka leo, ilhali bila shaka amesoma riwaya nyingi zenye ngazi upande wa kulia.