Pesa ya NSSF ya Baba Sharifu: gumzo la majirani wa Walukuba, Jinja, Uganda

Baba Sharifu: Asalaam alaikum majirani. Naombeni ushauri wenu. Leo nimetazama kwenye simu akiba yangu ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi. Tangu miaka miwili iliyopita bosi hajapeleka hata shilingi. Na karatasi ya mshahara kila mwezi inaonyesha nimekatwa!

Mama Rehema: Waalaikum salaam. Subhanallah. Miaka miwili?

Baba Sharifu: Miwili. Nimemwendea mhasibu, ananiambia kiwanda kina hali ngumu, tuvumilie, biashara ikichangamka watalipa.

Isma: Watalipa lini mzee? Mashine mpya wamenunua juzi tu.

Wandera: Pole sana kaka. Mshahara wako kabla ya makato ni kiasi gani, kama si siri?

Baba Sharifu: 600,000. Siri ya nini tena.

Wandera: Basi wewe unakatwa asilimia 5, ndiyo 30,000. Bosi anatoa asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 60,000. Jumla 90,000, na zilitakiwa zifike NSSF ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Miaka miwili ni 2,160,000. Hapo bado riba. Mwaka wa fedha wa 2023/24 NSSF iliwapa wanachama asilimia 11.5. Pesa ambayo haijafika haizai kitu, kwa hiyo na riba hiyo imekupita.

Mama Rehema: 😭😭

Afande Odongo: Habari za jioni. Mimi naona tutenganishe mambo. Zile 30,000 ni jasho la Baba Sharifu, hapo sibishani. Lakini 60,000 ni pesa ya bosi. Amesaidia alipokuwa nazo, sasa hana. Utamlazimisha mtu akusaidie?

Wandera: Heshima zako Afande, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Huo si msaada. Sheria ya NSSF ya 1985 inamwamuru mwajiri atoe. Baba Sharifu alipokubali kazi alikubali mshahara pamoja na ile asilimia 10. Kazi ameshaifanya, vyuma ameshavikata, bosi ameshaviuza. Sehemu moja ya malipo anapewa mwisho wa mwezi, nyingine inamngoja uzeeni. Zote ni zake.

Wandera: Na hizo 30,000 ndizo zinazoniuma zaidi. Ukinipa ada ya mtoto nikupelekee shuleni, nikaitia kwenye biashara yangu, halafu nikuambie uvumilie mpaka biashara ichangamke, utakubali?

Afande Odongo: Hapana, hiyo ni wizi. Nimekuelewa. Sisi wa serikali hatukukatwa kitu, pensheni yetu inatoka Hazina moja kwa moja, ndiyo maana mambo haya ya kampuni siyajui vizuri.

Hajati Zaituni: Mimi nasema wazi, msinikasirikie. Nina hoteli na wasichana wanne. Zamani sheria iliwahusu wenye wafanyakazi watano kwenda juu. 2022 wakaibadilisha, sasa hata mwenye mmoja anahusika. Wasichana wangu nawalipa 200,000, wanakula kwangu asubuhi na mchana. Mkaa umepanda, mafuta yamepanda. Asilimia 10 niitoe wapi?

Mama Rehema: Hajati ana hoja. Mkubwa mwenye kiwanda na mama mwenye sufuria wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Wandera: Ana hoja, na ugumu wake naujua. Ni 20,000 kwa kila msichana, 80,000 kwa mwezi kwa wote wanne. Kwa hoteli ya mtaani si kidogo. Lakini Hajati, yule Amina amekupikia tangu hajaolewa. Akifika miaka 55 mgongo umekwisha, ataondoka na nini hapo jikoni?

Hajati Zaituni: Je, nikiwakata wao zote 15? Wenyewe wameniambia hawajali.

Wandera: Hairuhusiwi mama. Ile 10 ni lazima itoke kwako, sheria inakataza kuikata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Na hata wakisema "tupe taslimu, NSSF hatuitaki", deni linabaki shingoni mwako. Kesho mmoja akienda kulalamika, utadaiwa yote ya nyuma pamoja na faini ya asilimia 10 kwa kuchelewa. Anza na mwezi huu, ni rahisi kuliko kungoja lirundikane.

Hajati Zaituni: Nitakaa na binti yangu tupige hesabu. Siahidi hapa mbele za watu.

Shangazi Nakato: Wanangu, nami niseme. Mume wangu alipofariki nilibaki na watoto watatu na nyumba ya kupanga. Bosi wake alikuwa mkali, maneno yake machungu, lakini NSSF alilipa kila mwezi. Sisi warithi tulipewa akiba yote. Ndiyo iliyomalizia shule ya hawa mnaowaona. Huyo bosi namwombea dua hadi leo.

Baba Sharifu: Shangazi, umenitia uchungu. Mimi nina sukari. Nikifa kesho Mama Sharifu ataonyeshwa akaunti yenye shimo la miaka miwili.

Shangazi Nakato: Hufi, baba. Lakini usinyamaze.

Mama Rehema: Tena si ndiyo kuna ile ya kuchukua asilimia 20 mtu akifika miaka 45?

Wandera: Ndiyo, ililetwa na mabadiliko yaleyale ya 2022. Uwe na miaka 45 na uwe umechangia miaka isiyopungua 10. Mwenye ulemavu anaanza kwenye 40, naye anaweza kuchukua hadi asilimia 50. Sasa fikiria, Baba Sharifu ana 46. Hiyo asilimia 20 inapigwa kwenye kilichomo. Bosi akipunguza kilichomo, na yeye anapunjwa.

Isma: Na sisi vibarua? Mimi huu mwaka wa pili wananiita kibarua. Hakuna barua, hakuna NSSF.

Wandera: Isma, kanuni za ajira za 2011 zinasema kibarua akifanya kazi mfululizo miezi minne, anastahili mkataba wa maandishi na si kibarua tena. Wewe ni mfanyakazi kama wengine, wakuite watakavyo.

Isma: Nikidai watanifukuza siku hiyohiyo. Getini kuna vijana mia wanangoja nafasi yangu.

Wandera: Hofu yako ni ya kweli. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu. Lakini kesi huchukua muda na tumbo halingoji. Ndiyo maana mtu asiende peke yake. Baba Sharifu, wenzako wameangalia akiba zao?

Baba Sharifu: Wengi hawajui hata namba zao za NSSF.

Wandera: Basi anzia hapo. Kila mmoja atoe taarifa ya akiba, aiweke pamoja na karatasi zake za mshahara. Zikionyesha umekatwa na NSSF hakuna kitu, bosi hana pa kutokea. Mnaenda ofisi ya NSSF hapa mjini, wao wana mamlaka ya kukagua vitabu vya kampuni na kuipeleka mahakamani. Mambo ya mikataba mnampelekea afisa wa kazi wa wilaya.

Afande Odongo: Nitafuatana nanyi. Kuingia ofisini na mzee si vibaya.

Baba Sharifu: Ahsante Afande. Karatasi za mwaka jana ninazo zote, Mama Sharifu alizitunza kwenye mkoba wa vyeti. Za mwaka juzi naona chache.

Mama Rehema: Waombe benki taarifa ya mishahara iliyoingia, itaonyesha kilichofika baada ya makato.

Isma: Mzee, nimeandika kwenye kikundi cha zamu ya usiku. Watu wanne wameshatuma picha. Wote, tangu mwezi uleule.

Wandera: Uleule? Mwambie kila mmoja asifute kitu. Jumatatu saa 3 asubuhi, tukutane kwangu kwanza.