Naombeni ushauri: roboti langu limeshinda vita tisa bila mkwaruzo

mchoramabango_jinja:
Habari zenu wakuu. Niko Jinja, Uganda, mchana naandika mabango ya maduka, usiku nachora hadithi ya picha kwa Kiswahili. Mhusika wangu ni roboti la vita liitwalo Engabo, yaani ngao. Urefu mita 20, uzito tani 300, kila wayo mita 3 kwa mita 1 na nusu. Mkono wa kulia mkuki, wa kushoto ngao kama ile ya kwenye nembo ya taifa. Kazi yake ni kulinda bwawa la umeme la Nalubaale dhidi ya jeshi la kubuni linalokuja kwa ziwa.

Nimemaliza kurasa 40. Juzi nikampa mtoto wa dada yangu, ana miaka 12, azisome. Alipofika mwisho akaniuliza, "Mjomba, hili haliumii?" Nikarudi kuhesabu: vita tisa, ushindi tisa, hata rangi haijachubuka. Tangu siku hiyo kalamu imekuwa nzito. Je, nirekebishe umbo lake au historia ya mapambano yake? Na hizo tani 300 zinakubalika?

afande_mstaafu:
Kijana, pole na kazi. Nilikuwa fundi wa magari ya vita miaka mingi, kwa hiyo nitasema ninachokijua: ardhi. Kifaru aina ya T-55 kina tani 36, lakini minyororo yake inautandaza ule uzito, hivyo kila sentimita mraba inabeba kama gramu 800 tu. Na bado kinakwama kwenye matope, nimekivuta kwa mikono hii. Engabo likitembea, kuna wakati linasimama kwa mguu mmoja. Tani 300 juu ya wayo wako huo ni karibu kilo 7 kwa kila sentimita mraba, zaidi ya mara nane ya kifaru. Halafu umelipeleka kupigana kwenye mafunjo kando ya ziwa! Hatua ya kwanza limezama mpaka gotini.

Lipunguze hadi tani 60 na upanue nyayo. Au liache zito, lakini likwame, na vita moja ipiganwe likiwa limekwama.

mwalimu_arua:
Afande amesema kweli, naomba niongezee hesabu. Mchukue mtu wa mita 1.7 mwenye kilo 70, mkuze afike mita 20. Urefu umeongezeka kama mara 12, lakini uzito unakua kwa pande tatu, anafika takriban tani 114. Mifupa nayo inanenepa kwa pande mbili tu, kwa hiyo kila kipande cha mfupa kinabeba mzigo mara 12 ya zamani. Ndiyo maana miguu ya tembo si kama ya swala. Mchoro wako una miguu ya mwanariadha. Inenepeshe, hasa vifundo na magoti.

Jambo la pili ni rubani. Umemweka kifuani, mita 14 juu. Roboti likianguka, anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa. Kwa hiyo adui mwenye akili hana haja ya kutoboa chuma, atalipiga mtama tu. Hapo una woga wa kweli kila linapoinua mguu.

zaku_kampala:
Ndugu, mimi ni mpenzi wa Gundam, katuni ya Kijapani ya maroboti ya vita, tangu utoto, na swali la mpwa wako lina jibu kule. RX-78-2, lile la kwanza lililoonyeshwa Japani mwaka 1979, lina mita 18 na tani 43.4. Kwa hesabu ya mwalimu ni jepesi kuliko mtu wa kimo hicho! Lakini tazama linavyopigana. Pambano la kwanza kabisa, rubani wake Amuro anaendesha huku akitazama kitabu cha maelekezo. Anamkata adui wa kwanza, mtambo wa adui huyo unalipuka na kutoboa ukuta wa koloni la angani walimokuwa wakiishi watu. Kwa hiyo adui wa pili anamchoma kwa uangalifu pale anapokaa rubani ili mtambo usilipuke. Yaani ushindi wenyewe ulileta hasara, na hasara ikabadilisha namna ya kupigana.

Baadaye rubani anakuwa mwepesi kuliko mashine, viungo vinachelewa, inabidi mafundi wavifanyie kazi upya. Mwisho wa vita, pale A Baoa Qu, ngome ya adui angani, linapoteza kichwa na mkono wa kushoto, na Amuro anaokoka kwa kindege kidogo kilichofichwa tumboni mwake. Na ipo sababu ya wao kupigana kwa karibu: chembe za Minovsky, zilizobuniwa na hadithi hiyo, zinavuruga rada. Wewe bado hujatuambia kwa nini adui asirushe kombora tu kutoka mbali.

nakato_m:
Mimi naona msimkatishe tamaa. Watoto wanapenda shujaa anayeshinda. Wangu watatu wangelia likikatwa mkono.

zaku_kampala:
Dada Nakato, wangelia, na kesho yake wangeuliza limepata wapi mkono mpya. Hapo ndipo Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma Kampala, inaingia. Mkono wa kushoto uchomelewe na mafundi wa Katwe kwa vyuma vya soko la vipuri la Kisekka, rangi isifanane, uwe mzito kidogo kuliko wa zamani. Kuanzia ukurasa huo Engabo linaegemea kushoto.

mchoramabango_jinja:
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Vita nne nimezifuta. Ya kwanza inabaki, ila linazama kwenye mafunjo na kushinda kwa kukaa palepale kama boma. Ya tatu linapoteza mkono. Dada Nakato, mkono unarudi ukurasa wa 19, waambie watoto wasubiri. Kuhusu kombora bado natafuta sababu, nafikiria jeshi lile linalitaka bwawa likiwa zima, kwa ajili ya umeme.

Afande, nisaidie moja. Goti likijaa mchanga wa ziwani, fundi anaanzia wapi?

afande_mstaafu:
Anaanza kwa kuosha. Ukifungua na matope yake, mchanga unaingia hadi kwenye beringi iliyokuwa nzima. Halafu anatazama sili, zile za kuzuia uchafu usiingie, kama zimekatika, kisha ndiyo anashika spana. Chora vijana wenye ndoo na brashi, wengi, goti la ukubwa huo haliwezi kuoshwa na mtu mmoja.