Chumba masta Ujiji au Mwanga, wakuu nichukue kipi?

MgeniWaZiwa: Wakuu, nimehamishiwa Kigoma, kazi iko karibu na stesheni ya reli, naingia kwa zamu. Niko peke yangu, sina vitu vingi. Dalali kanionyesha viwili. Cha Ujiji ni chumba kimoja kikubwa kwenye nyumba ya kale, si mbali na miembe ya Livingstone: mlango mzito wa mbao, choo ndani, kaunta ya kupikia pembeni, elfu 70 kwa mwezi. Cha Mwanga ni kipya, vigae chini, dari ya jipsamu, elfu 100. Vyote miezi sita mbele. Moyo uko Ujiji.

MjijiHalisi: Chukua Ujiji. Kuta zile nene za udongo, unaingia saa nane mchana kama umeingia msikitini. Mwanga utaokwa na bati. (Miembe yenyewe, tusidanganyane, si ule mti ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake 1871. Wanasema ni uzao wake.)

BintiWaReli: Mkuu hapo juu anapamba. Reli ya Mjerumani ilipofika 1914 iliishia Kigoma, Ujiji ikaachwa kando. Ndiyo maana kazi ziko kule, nyumba za kale ziko huku, na katikati kuna nauli. Mchana daladala zipo. Ukitoka zamu usiku ni bodaboda, na bei anapanga yeye. Piga hesabu uone kama hiyo elfu 30 itabaki.

FundiKibirizi: Nauli utazoea. Kaangalie choo. Nyumba zile choo kilikuwa uani, hicho cha ndani kimebanwa baadaye. Nilipanga cha namna hiyo: bomba la bafu lilipitishwa ndani ya ukuta wa udongo, likavuja kidogo kidogo, ukuta ukavimba, plasta ikawa inadondoka kitandani vipande vikubwa kama chapati. Kwaruza ukuta upande wa bafu kwa ukucha. Ukitoka unga mbichi, aga.

MjijiHalisi: Hapo sibishi. Na uliza LUKU. Mita moja wapangaji wanne ni ugomvi wa kila wiki.

MgeniWaZiwa: Nimerudi leo. LUKU ni ya peke yangu. Ila ukuta wa upande wa bafu umepakwa rangi mpya kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, basi. Nikamuuliza dalali mbona hapo tu, akasema mwenye nyumba anapenda rangi mbili.

FundiKibirizi: Hahaha! Cha Mwanga bado kipo?