Tupeane uzoefu: wewe unayejenga gari upya uani kwako, ulikosea vipimo wapi?

Mwanzisha mada, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, salaam. Naomba tupeane uzoefu sisi tuliochukua gari bovu, tukaliegesha uani chini ya turubai au mwembe, tukaanza kulikata na kulichomelea kwa mikono yetu. Picha za gari lililokwisha kupigwa rangi tutaziona siku nyingine. Ninachotaka kusikia ni mahali ulipokosea, ulikosea kwa kiasi gani, na ulirekebisha vipi. Nitaanza na langu.

Nina Land Rover Series III ya chasisi ndefu, ile ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, niliyoinunua bila injini. Injini yake ya asili ilikuwa ya petroli, sentimita za ujazo 2,286. Mimi niliamua kuiwekea injini ya Toyota iitwayo 3L, dizeli ya lita 2.8, kwa sababu hakuna fundi wa huku ambaye hajawahi kuifungua. Giaboksi niliiacha ileile ya Land Rover, kwa kuwa difu za Series (yale maboksi ya gia kwenye ekseli) hazikukaa katikati bali zimesogea kulia, na propela, zile fimbo zinazopeleka nguvu kwenye difu, nazo zinatokea upande huohuo. Ukiondoa giaboksi utajikuta unaondoa na ekseli zote mbili, na hapo umebaki na bodi tu.

Ili injini ya Toyota ikae kwenye giaboksi ya Land Rover lazima pawe na sahani ya chuma katikati yao. Sahani ya kwanza nilichukua alama zake kwa boksi la karatasi lililopakwa grisi, nikampelekea fundi wa kukereza akatoboa matundu kwa kufuata alama hizo. Bolti zote ziliingia bila kulazimishwa, nami nikadhani kazi imekwisha. Ndani ya mwezi mmoja klachi ikawa haiachii vizuri, gia ya kwanza ikawa inaingia kwa kelele, na beringi ya mbele ya giaboksi ikaanza kulia. Tulishusha kila kitu, tukafunga saa ya kupimia yenye sindano kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ncha yake ikagusa ukingo wa tundu la katikati la sahani, tukaizungusha krenki, yaani mhimili wa injini, kwa mkono. Sindano ilitembea milimita moja na nusu katika mzunguko mmoja, maana yake sahani ilikuwa imehama robo tatu ya milimita kutoka katikati, ilhali hata robo moja tayari ni nyingi.

Sahani ya pili tuliianza kinyume: kwanza tundu la katikati, kisha matundu ya bolti yaliyoachwa mapana kidogo, tukawa tunaigonga sahani polepole huku tunaangalia sindano hadi ilipotulia, ndipo tukapiga pini mbili ili isihame tena. Gari lilisimama miezi mitano kwa sababu ya robo tatu ya milimita. Karibuni.

Mchangiaji, Mikindani

Ndugu mwanzisha mada, wewe ulipambana na milimita, mimi nilipambana na chumvi. Gari langu ni Suzuki SJ410 na nyumba yetu inatazamana na ghuba, kwa hiyo upepo wa jioni unatua moja kwa moja juu ya chuma. Chasisi ilikuwa imetoboka karibu na vikalio vya springi za nyuma. Nikafanya wanavyofanya wengi: nikakata bati nene, nikalipachika juu ya palipooza, nikachomelea pande zote nne, nikapaka rangi nyeusi. Kwa macho lilipendeza mno.

Baada ya masika mawili kiraka kilikuwa kizima na chasisi iliyokizunguka imekwisha. Kutu niliyoifungia ndani iliendelea kula, na maji yaliyoingia kwenye boksi la chasisi hayakuwa na njia ya kutokea, kwani matundu ya chini ya kiwandani nilikuwa nimeyaziba kwa kiraka kilekile nilichojivunia. Safari ya pili nilikata hadi chuma kilipong'aa pande zote, hata pale ambapo roho iliniuma kukata, nikaweka kipande kipya kikae usawa na cha zamani badala ya kukilalia juu, nikaacha matundu ya kutolea maji, kisha nikamimina oili chafu ndani ya boksi. Oili chafu haipendezi na inachafua uani. Mke wangu ana maoni yake kuhusu jambo hilo na ninayaheshimu.

Mambo mengine mawili, kwa ufupi. Vijiti vya kuchomelea vikikaa wazi katika hewa ya pwani hunyonya unyevu na welding inatoka na matundu kama mkate wa kumimina; vihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na uvianike juani kabla ya kazi. Pia toa vichwa vya betri kabla hujagusisha kijiti kwenye bodi. Mimi sikutoa, nikaunguza alteneta.

Mchangiaji, Lindi mjini

Langu ni Hilux ya kubebea korosho, kwa hiyo halikujengwa kwa ajili ya maonyesho. Nilitengeneza bodi jipya la nyuma la kubebea mzigo kwa chuma cha pembe na bati la milimita 2, nikarefusha kwa futi moja na nusu, na kwa kuwa springi zilikuwa zinalala nikaongeza majani mawili ya springi, yaani vile vyuma bapa vinavyopangwa pamoja, kila upande. Gari likasimama juu, likabeba magunia bila kuyumba, na kila aliyeliona msimu ule alilisifu.

Breki ndizo zilizonitia hofu. Nikishuka kutoka Newala na mzigo, mbele kulikuwa kunashika hadi pedi zinanuka, na nyuma kama hakuna kitu. Nilibadilisha viatu vya breki, nikabadilisha silinda za magurudumu ya nyuma, nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki mara tatu, hali ikabaki ileile. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa karakana ya serikali ndiye aliyelala chini ya gari akanionyesha vali yenye mkono mrefu uliofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Vali ile hupima uzito kwa kuangalia umbali kati ya chasisi na ekseli: mzigo ukiwepo chasisi inashuka, vali inaruhusu breki nyingi nyuma; gari likiwa tupu inapunguza ili matairi ya nyuma yasijifunge. Kwa kunyanyua gari kwa majani ya springi nilikuwa nimeiambia vali kwamba gari ni tupu siku zote, hata likiwa na tani moja mgongoni. Tulirefusha kikalio cha ule mkono kwa kiasi kilekile gari lilichopanda, na breki zikarudi. Nilikuwa nimekwisha kununua spea ambazo hazikuwa na kosa lolote, na bado ninazo kwenye kopo.

Mchangiaji, Masasi

Naongezea la karatasi tu. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, tunza risiti ya uliyonunua, gari likaguliwe, kisha Mamlaka ya Mapato (TRA) warekebishe taarifa za kadi. Mimi niliahirisha, nikaja kuhangaika siku nilipopata mnunuzi, kwa sababu kadi na injini vilikuwa havifanani na aliyeniuzia injini alikuwa amehama.

Mchangiaji, Nachingwea

Mimi sikumaliza. Nilifungua gari zima kwa wiki moja ya likizo, bolti zote nikazitia katika ndoo moja bila kuandika ya wapi ni ipi, nikaahidi kuanza kufunga baada ya mavuno. Yamepita mavuno manne. Wakati wa ule mpango wa wakoloni wa kulima karanga huku kwetu Waingereza waligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, nao pia hawakufika walikotaka, basi najifariji. Chasisi nimeiuza, ndoo ninayo.

Mchangiaji, Lindi mjini

Samahani, kaka wa Shangani, nina swali. Hiyo Land Rover yako kama ina busta ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga, ilikuwa inavuta upepo kutoka kwenye manifoldi ya injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo. Sasa unautoa wapi?

Mwanzisha mada, Shangani, Mtwara

Umenigusa palepale. Kwenye 3L pampu ya kuvuta upepo imefungwa nyuma ya alteneta, na injini yangu ya mtumba ilikuja na alteneta ya gari jingine isiyo na pampu. Siku ya kwanza kuiwasha niliishuka barabara ya kuelekea bandarini nikiwa nimekanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Alteneta sahihi niliagiza Dar es Salaam, ikaletwa na basi, na sasa mpira wa busta umefungwa. Ile vali ya Hilux nimeielewa. Shemeji yangu ana gari la namna hiyo lenye majani ya ziada, na Jumamosi nitakwenda kulala chini yake na tochi.