Ramani ipi inawafaa watoto wa shule ya Jumapili?

Mwalimu_Umoja: Habari za jioni, walimu wenzangu. Kanisa limetutengea pesa kidogo kwa darasa la miaka 7 hadi 10. Ninunue ramani kubwa ya ukutani, tutumie zile za nyuma ya Biblia, au niwaonyeshe Google Earth kwenye simu? Sitaki wadhani Galilaya ni nchi ya hadithi.

Baba_Pacha: Ya ukutani, mwalimu. Kila somo mtoto mmoja anabandika pini. Ila chagua ya wakati wa Yesu. Ile ya makabila 12 iwekee siku yake. Na uwape kipimo wanachokijua: Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilomita 9, yaani Kencom, katikati ya Nairobi, hadi Kangemi hivi. Wangu waliposikia hivyo wakaanza kuulizana mamajusi walitembea saa ngapi!

Shangazi_Rongai: Za nyuma ya Biblia ni ndogo mno kwa darasa. Simu nayo inagombaniwa, na bando linaisha. Lakini simu inaonyesha mteremko. Yerusalemu iko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, Yeriko kama mita 250 chini ya usawa huo wa bahari, na katikati ni kilomita 25 na ushei tu. Mtoto akiyaona yale makorongo makavu, anaelewa kwa nini wanyang'anyi wa Msamaria Mwema walijificha njia ile.

Mwl_Kasarani: Kwa mteremko, fanyeni ramani ya unga kwenye sinia. Vikombe 2 vya unga wa ngano, 1 cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka ukandike kama wa chapati. Milima ya Yudea wafinyange, Yordani waichore kwa kidole kutoka chini ya Mlima Hermoni, ipite Galilaya hadi Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Waliowahi kuteremka Mai Mahiu, kwenye Bonde la Ufa, wanajua masikio yanavyoziba, waanzie hapo.

Mwalimu_Umoja: Na safari za Paulo? Sinia haifiki Rumi.

Baba_Pacha: Hapo ni ukutani tena. Uzi mwekundu kutoka Kaisaria, wasimame Malta merikebu ilipovunjika, kisha Rumi.

Mwalimu_Umoja: Basi pesa iende kwa ramani ya ukutani, unga nitatoa nyumbani. Unakauka kwa muda gani bila jua?

Mwl_Kasarani: Siku mbili tatu, dada, ukiusambaza mwembamba. Rangi msipake kabla haujakauka, utapasuka.